Mama Alipochora Vyombo vya Makwasinyi

Juzi binti yangu alikuwa akichonga penseli kwa wembe, maana kichongeo chake kilipotelea shuleni, na ile harufu ya mti mkavu ikanifikia jikoni nikikata sukuma. Nilisimama na kisu mkononi mpaka sufuria ikaanza kuungua. Nyinyi mliosoma zama zetu mnaijua harufu hiyo. Wengi wenu itawarudisha darasani, kwenye dawati lililochorwa majina. Mimi hunirudisha kwa mama yangu, ameketi kwenye gunia uani kwa Nyanya kule Makwasinyi, jua la Kasigau likimchoma utosini, akichora ungo kana kwamba ungo ule ungemponyoka akipepesa macho.

Tuliishi Voi, chumba kimoja cha kupanga upande wa chini wa reli. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia michoro hiyo. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia kwenye malori pale Maungu, mtu mwenye mabega mapana, kisha akaanza kukohoa, na kila mwezi mama akawa anamtobolea mshipi wake tundu jipya kwa msumari. Tulimzika kwao Makwasinyi. Siku ile, watu wakiwa bado wamesimama na majembe, Nyanya, mama yake baba, alimwambia mama mbele ya kila mtu: "Nilikupa mtu mzima. Umeniletea mifupa." Mama alinishika mkono, tukarudi Voi, na tangu hapo hatukuwa tumekanyaga tena Kasigau.

Nyumbani mama hakulia. Alichoka tu. Alichoka kwa namna ambayo hata mtoto huiona: alivaa kiatu kimoja, akakaa kitandani akikitazama cha pili. Usiku alisahihisha madaftari ya watoto wa watu, na akimaliza alichora nyuma ya karatasi kuukuu za mtihani. Sikujua anachora nini. Asubuhi alizikunja na kuzisukuma chini ya makaa ili jiko liwake. Kwa muda mrefu nilidhani ndivyo jiko linavyowashwa kila nyumba, kwa michoro ya mama wa nyumba hiyo.

Halafu akaja Bwana Kilonzo. Alikuwa mchoraji kutoka Nairobi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa na vidole vyenye madoa ya wino. Alikuwa akizunguka nchi kukusanya michoro ya vyombo vya nyumbani na kazi za mikono, ambayo siku moja ingetiwa kitabuni. Aliingia shuleni kumwona mwalimu mkuu, akaona ukutani kielelezo cha sehemu za ua ambacho mama alikuwa amekichora, akauliza ni kazi ya nani. Jioni ile alikuja hadi mlangoni kwetu. Alitaka mtu wa kumchorea vyombo vya upande wa Kasigau wakati wa likizo ndefu. Alimpa mama karatasi nene, kalamu za kuchovya na chupa ya wino mweusi.

"Kila chombo peke yake, Mwalimu," alisema. "Usiongeze ua, usiongeze kivuli cha urembo. Kama kimepasuka, kichore kimepasuka. Na usichore watu. Watu wana picha zao."

Mama aliuliza angelala wapi huko.

"Si nimesikia una wakwe Makwasinyi?"

Mama akaichukua ile chupa ya wino kama mtu anayetwika mtungi anaojua umejaa.

Tulitoka Maungu kwenye pikapu iliyobeba unga, mafuta ya taa na mbuzi mmoja aliyenikojolea kiatu. Barabara ilikuwa mashimo matupu na vumbi jekundu. Kila nilipouliza kama tumefika, mama alinyoosha kidole kwenye mlima Kasigau, na mlima ulikuwa palepale. Nyanya alitukuta njiani kwake na kibuyu cha maji begani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinitazama mimi, akanigusa paji la uso, kisha akamtazama mama.

"Mmefika, Mwalimu," alisema.

Hakumwita Mama Mghoi, kama watu wote walivyomwita kwa jina langu. Alimwita Mwalimu, kama anavyoitwa mgeni aliyekuja kukagua shule. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilidhani anamheshimu.

Wakati ule ndovu walikuwa wamezidi. Mvua zilikuwa haba, msituni hakuna kitu, na mahindi machache yaliyosimama mashambani yalikuwa kama karamu waliyoandaliwa wao. Kila jioni watu wazima waliondoka na madebe na vijinga vya moto kwenda kulinda, Nyanya akiwa miongoni mwao. Asubuhi alirudi ananuka moshi, macho mekundu, akaketi kwenye kivuli cha ukuta akisokota katani juu ya paja lake. Alisuka vikapu. Nyuzi zile alizisokota kwa kiganja kimoja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na pale juu ya goti ngozi yake ilikuwa laini inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Mara nyingi alisinzia katikati ya kazi. Kichwa kililala kifuani, lakini mkono uliendelea kusokota wenyewe. Nilikuwa nakaa karibu kumtazama, nikingoja nione mkono utajua saa ngapi kwamba mwenyewe amelala.

Mama alianza na vya karibu: kinu na mchi, ungo, mwiko, kata ya kuchotea maji. Alivipima kwa rula, akavichora kwanza kwa penseli, kisha akapita juu kwa wino, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo. Watu walikuja kutazama. Wengine walileta vyao: mzinga wa nyuki, podo lisilo na mshale hata mmoja, kibuyu cha kugandishia maziwa kilichoshonwa ufa kwa uzi wa ngozi.

"Kwani Nairobi hawana ungo?" aliuliza jirani yetu, Mama Samba, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika mpaka kisimani.

"Wanao," mama alijibu bila kuinua macho. "Wa plastiki."

"Sasa kama wana wa plastiki, huu wanautakia nini?"

Mama alichovya kalamu, akarudi kwenye ukingo wa ungo.

Chombo kimoja tu ndicho alichonyimwa. Ndani kwa Nyanya, karibu na mafiga, kulikuwa na kigoda ambacho baba alikichonga akiwa kijana. Kilikuwa kigoda kibaya, nikisema kweli. Mguu mmoja ulikuwa umepinda nje kama wa mtu anayetaka kuondoka, na mtu asiyekizoea akikikalia aliangukia ubavu. Nyanya hakukalia kingine. Mama alipoomba kukitoa nje kwenye mwanga, Nyanya aliweka sufuria juu yake.

"Hicho hapana," alisema. "Hicho si cha Nairobi."

Basi siku zikaenda hivyo, wanawake wawili katika nyumba moja, wakipeana chumvi na maji bila neno la ziada. Mimi nililala katikati yao.

Bwana Kilonzo alipokuja kuona kazi imefikia wapi, Nyanya alichinja kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kuku yule nilikuwa nikimpenda. Alikuwa na kishungi kichwani, na alijipenyeza kila mahali, hata katika mchoro wa kinu, ambako mama, kwa kusahau masharti au kwa kuyachoka, alikuwa amemchora mguuni pa kile kinu akidonoa. Bwana Kilonzo aliuona, akatikisa kichwa, lakini akacheka. Alipitia karatasi moja moja akiwa ameshika paja la kuku yuleyule kwa mkono wa kushoto, mbali na karatasi.

"Kazi safi, Mwalimu. Kazi safi sana," alisema. "Vyote hivi vinakufa, unajua. Ndiyo maana tunavichora."

Nilikuwa nimebeba birika la maji ya kunawa. Nilisikia kila neno. *Vinakufa, ndiyo maana tunavichora.* Lakini mtoto huyapanga maneno atakavyo. Kufikia jioni, kichwani mwangu, yalikuwa yamejipanga kinyume: vinachorwa, ndiyo maana vinakufa.

Na ushahidi haukukosekana. Kuku alichorwa, akaliwa. Kibuyu cha maziwa kilichorwa, na wiki ileile Mama Samba akakiangusha kikawa vipande. Nilianza kutembea nyuma ya mama nikiangalia anachora nini, ili nijue nini tusikitegemee tena. Alipochora ghala la Nyanya, ghala la fito lililosimama kwenye nguzo na kuvikwa kofia ya nyasi, nilimvuta nguo. Nilimwambia asilichore. Akasema, "Mghoi, niache nimalize, mgongo unaniuma."

Ndovu waliliangusha kabla wino haujakauka vizuri, au ndivyo ninavyokumbuka. Asubuhi tulikuta nguzo zimelala, kofia ya nyasi iko mbali kichakani, na pojo na mahindi yaliyobaki yamekanyagwa yakachanganyika na udongo na mavi yao makubwa. Nyanya alikuwa amelinda shamba. Wao walikuja uani. Hakupiga kelele. Alichutama, akaanza kuokota punje, akizipuliza vumbi moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye upande wa kanga. Mama akachutama upande wa pili, naye akaokota. Waliokota mpaka jua likawa juu. Sikumbuki walizungumza. Nakumbuka tu migongo yao miwili, jinsi ilivyofanana.

Baada ya hapo Nyanya aliugua. Ilikuwa homa na uchovu, nadhani, na mgongo uliokataa kunyooka. Jioni hakwenda tena kulinda. Mama alikwenda badala yake. Asubuhi sasa walikuwa wawili wenye macho mekundu. Nyanya aliketi ukutani na katani yake, mkono ukienda mbele na nyuma polepole zaidi, na mama alikaa mkabala naye na karatasi magotini, akitafuta cha kuchora, kwa sababu vyombo vilikuwa vinaelekea kwisha na kazi ya kusuka kikapu bado hakuwa ameigusa.

"Mama," alisema, "ninaomba nichore mikono yako ikisokota. Sikuruhusiwa kuchora watu, lakini sijui namna ya kuonyesha uzi unavyotengenezwa bila mikono."

"Mikono tu?" Nyanya aliuliza.

"Mikono tu."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Mama alitabasamu. Sikuwa nimeona tabasamu lake tangu Voi, na lilinitisha. Akachonga penseli. Ile harufu ikatoka. Akaishusha ncha kwenye karatasi.

Nilipiga yowe. Sikujua kama ni langu mpaka nilipoona kuku wanakimbia. Niliikamata ile penseli kwa mikono yote miwili, nikaning'inia kwayo, nikilia, "Usimchore! Usimchore Nyanya! Atakufa!"

Mama alinishika mabega. "Nani kakwambia?"

Nikamwaga yote. Kuku. Kibuyu. Ghala. Maneno ya Bwana Kilonzo juu ya sahani ya wali. Nilisema kwamba kila anachokichora kinakufa, na kwamba Nyanya ni mgonjwa tayari, na kwamba mimi sitaki kumzika mtu tena. Kisha pumzi zikaniishia.

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Mama Samba, aliyekuja kuomba moto, alisimama na kigae chake akiwa hajui aende au abaki. Nyanya ndiye aliyesema. Hakuacha kusokota.

"Baba yako, nani alimchora?"

Nilifikiri. "Hakuna," nilisema.

"Basi," alisema Nyanya.

Nakumbuka inzi kwenye ukingo wa kata ya maji. Nadhani Nyanya mwenyewe hakujua neno lake lingeangukia wapi, kwa maana mkono ulisimama sasa, na alimtazama mama usoni, akamtazama kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

"Mwalimu," alisema. "Wewe unajua kuchora kila kitu. Yeye unaweza kumchora?"

"Siwezi, mama," alisema mama. "Nimejaribu. Kila usiku kule Voi nilikuwa namchora. Napata macho, nakosa mdomo. Napata mdomo, uso unakuwa wa mtu mwingine. Ninavyochora nyingi ndivyo anavyozidi kupotea. Nilikuwa nawashia jiko." Aliinyoosha karatasi magotini. "Nilimwuguza, mama. Nilimwogesha kama mtoto. Sikumla mimi."

Ndipo alipolia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama wanavyolia watu ambao hawajazoea, na kamasi ikadondoka kwenye ile karatasi nene ya Nairobi. Mama Samba aliweka kigae chini taratibu, akaondoka bila moto.

Nyanya alisimama kwa taabu akishika ukuta. Aliingia ndani. Tulisikia sufuria ikishushwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia kile kigoda kifuani, akakiweka mbele ya mama kwenye jua.

"Chora hiki," alisema.

Mama alikichora kutwa nzima. Sijapata kuona mtu akitazama kitu vile. Alifuata kila alama ya kisu, pale palipokatwa kwa haraka na pale palipojutiwa. Nyanya alikaa ubavuni mwake, safari hii upande uleule wa jua, akimweleza bila kuulizwa: hapa alijikata, hapa alikasirika akakitupa nje, hapa mimi nilimwambia kitamwangusha mtu akanicheka. Nilikaa katikati yao nikisikiliza. Sikuwa najua kuwa baba aliwahi kuwa mvivu. Sikuwa najua kuwa aliwahi kupigwa kwa kuiba asali. Kwangu alikuwa ni kikohozi na mshipi wenye matundu, na mchana ule akaanza kupata miaka mingine.

Jua lilipokuwa linaelekea nyuma ya mlima, Nyanya aliinama juu ya karatasi. Aliutazama mchoro, akakitazama kigoda.

"Huu mguu," alisema. "Nyoosha kidogo."

"Niliambiwa nichore kama kilivyo, mama."

Nyanya alipitisha kidole kwenye ule mguu. "Basi mwache alivyo," alisema, akaingia ndani kuwasha moto.

Nyanya hakufa. Mnaotarajia msiba, haukuja. Homa ilishuka, mgongo ukanyooka nusu, naye akaishi hadi nilipokuwa na watoto, akisuka vikapu ambavyo mishono yake ilizidi kulegea, jambo ambalo hatukuthubutu kumwambia. Ghala halikujengwa tena. Mjomba wa baba alileta pipa la plastiki la buluu, na chakula kikawekwa humo, kilipokuwapo. Michoro ilikwenda Nairobi. Bwana Kilonzo aliisifu kwa barua fupi iliyokuja kwa mwalimu mkuu, na baada ya hapo sijui. Kitabu sijakiona. Huenda kilitoka na huenda panya wa ofisi fulani walikula ungo, kinu na podo. Mama hakuulizia. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Lakini siku ya kuondoka naikumbuka. Mama alikuwa ameviringisha karatasi zote na kuzitia kwenye kipande cha bomba la plastiki, akaziba pande mbili kwa matambara. Mimi ndiye niliyepewa kulibeba, nikalishika kama bunduki. Nyanya alitusindikiza hadi barabarani, ijapokuwa tulimkataza, akibeba kifurushi cha kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kwenye jani la mgomba. Tuliketi kwenye kivuli kidogo cha mti wa miiba kungoja gari. Siku hizo gari lilikuwa moja, likizunguka mlima na kurudi Maungu, na likikupita umelala hapo hadi kesho.

Mama usiku ule alikuwa amelinda shamba kwa mara ya mwisho. Aliketi, akasema jambo kuhusu nguo zangu za shule, na katikati ya sentensi kichwa chake kikaanguka kwenye bega la Nyanya. Hakuwa amesinzia. Alilala, mdomo wazi, mikono yenye wino imetupwa mapajani viganja juu, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu kizito kwa muda mrefu na hatimaye akaambiwa akiweke chini. Nyanya alijisogeza kidogo ili bega likae vizuri. Alivuta upande wa kanga yake, akamfunika mama uso ili jua na inzi visimguse. Kisha hakutikisika tena.

Tuliliona vumbi kabla ya kuisikia mashine. Nilisimama, nikapunga lile bomba. Pikapu ilisimama, na utingo akaruka chini, akafungua mlango wa nyuma.

"Haya, mama, pandeni! Maungu, Maungu! Twende, leo hatungoji!"

Niligeuka ili nimwamshe mama. Nyanya alinikazia macho, nikasimama palepale.

"Nendeni," alimwambia yule utingo, kwa sauti ya chini. "Sisi kesho."

"Kesho? Si mlikuwa mnasafiri?"

"Mtoto amelala," alisema Nyanya.

Utingo alinitazama mimi, nimesimama katikati ya barabara na bomba langu, macho makavu, viatu miguuni. Akamtazama Nyanya. Akamtazama mama chini ya kanga. Kisha akafunga mlango polepole, akauzuia kwa mkono ili usigonge.